Mkono Mzima wa Baba

Baba yangu alikuwa akiuficha mkono wake mzima. Ule wa kulia, uliopigwa na kiharusi, aliuacha wazi mapajani, kila mgeni auone. Wa kushoto, ambao ungeweza kushika kikombe, kufukuza nzi na kumpungia mpita njia, aliusukuma chini ya shuka mara tu aliposikia mtu anabisha hodi. Ilinichukua muda kuelewa. Mzee huyu alitulea kwa sheria chache, na mojawapo ni kwamba mkono wa kushoto haumpi mtu kitu wala haupokei kitu. Ukimletea sahani kwa kushoto aliitazama tu, nawe ukabaki umeishika hewani mpaka akili ikurudie na ubadilishe mkono. Sasa Mungu alikuwa amemwachia huo huo. Watu wa Ujiji walipokuja kumpa pole, naye hana wa kulia wa kuwapa, aliona afadhali asitoe wowote.

Nilirudi nyumbani wakati wa kiangazi, pale moshi wa mashamba na vumbi vinapotanda juu ya ziwa hadi milima ya Kongo inapotea kabisa, na mgeni anaweza kuapa kwamba ng'ambo hakuna kitu. Nilikuwa nimeomba likizo ndefu kazini Dar es Salaam. Mama alishatutoka, binti ni mimi peke yangu, na kaka zangu wana namna yao nzuri ya kusema, "Wewe ndiye unayemjua mzee." Sikubishana nao. Nilikuwa na haja yangu mwenyewe ya kuja.

Haja yenyewe ni hii. Mimi nimerithi jina la mama yake baba, kwa hiyo tangu najitambua baba hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita mama. "Mama, niletee kofia." "Mama, mbona umekonda hivyo?" Hata kwenye simu, nikiwa ofisini nimezungukwa na watu wanaonijua kama mwanamke mkali asiyependa mchezo, sauti ile ikisema "mama" nilikuwa nashuka mabega. Kiharusi kilipompata, maneno yote yalimtoka. Likabaki moja tu: bado. Umeshiba, baba? Bado. Unaumwa? Bado. Huyu ni nani? Nikajinyooshea kidole kifuani, nikasubiri kwa roho juu. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi, akasema, "Bado."

Nilitaka aniite. Hilo tu. Nilijiambia kwamba akiniita mara moja nitaweza kurudi Dar es Salaam na kulala usingizi.

Nieleze kidogo baba alikuwa nani. Miaka yake yote ya kazi aliifanya bandarini Kigoma, na kazi yake ilikuwa kupokea kamba. Meli inapoingia gatini, baharia hurusha kamba kutoka juu, na lazima awepo mtu chini wa kuidaka, kuivuta na kuivisha kwenye nguzo ya chuma kabla meli haijaanza kusukumwa tena na maji. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba bila baba meli zingepitiliza hadi Burundi. Ni Mha wa Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kule kaskazini ya Gombe, ambako hadi leo unafika kwa boti. Mama alikuwa wa Ujiji, wa ukoo uliovuka zamani kutoka Kongo, na ndiye aliyetawala lugha ya nyumba. Tulisema Kiswahili. Kiha baba alikiweka kwa ajili ya ndugu zake walipokuja, nasi tulikisikia kama redio ya jirani, tukijua sauti lakini hatufuatilii kipindi.

Hospitalini walinifundisha mazoezi. Unachukua vitu vya kawaida vya nyumbani, unavionyesha kimoja kimoja, unavitaja polepole, unamwomba mgonjwa arudie. Waliniambia niwe na subira. Subira si fungu langu. Nilimpangia baba vitu mezani kila asubuhi kama mwalimu mkuu: kikombe, kijiko, ufunguo, kofia. "Baba, hii ni nini? Ki... ki..." Yeye anatazama kijiko, ananitazama mimi, anatazama barabarani. Jioni simu inalia, kundi letu la familia, kaka zangu wanauliza: Amesema nini leo? Nami niliona aibu, kana kwamba ni mimi niliyefeli mtihani. Kesho yake nikaongeza vitu mezani.

Asubuhi nilimwamkia, bila shaka. Nilisema "Shikamoo, baba" huku nafungua dirisha, huku nakung'uta mto, huku nahesabu vidonge. Sijui kama aliwahi kuitikia, kwa sababu sikuwahi kusubiri.

Ndipo akaja shangazi, dada yake baba, mkubwa kwake. Alipanda boti Mwamgongo alfajiri, akashuka Kibirizi, akapanda bajaji mpaka mlangoni kwetu na ndoo ya dagaa, dumu la mawese na mkungu wa ndizi uliomfanya dereva adai nauli ya kiti cha pili. Mimi nilikuwa nimemkalisha baba barazani na meza yangu ya vitu. Niliposikia hodi nikaona mkono unakimbia chini ya shuka, nikasema moyoni, haya, mwingine tena.

Shangazi hakutoa mkono. Alitua mizigo yote chini, hata mkoba. Alifunga khanga vizuri kiunoni. Akajishusha taratibu mbele ya baba, magoti yakilalamika, akakutanisha viganja na kuanza kupiga makofi madogo ya chini, yale ya viganja vilivyokunjwa kidogo, ambayo Waha wa umri wake wanasalimia kwayo. Hayana haraka. Akapiga, akanyamaza, akasema, "Mwakeye," yaani umeamkaje.

Kisha akasubiri.

Nataka niseme jinsi alivyosubiri, kwa sababu ndipo kila kitu kilipoanzia. Mimi nikisubiri, hata kama nimekaa kimya, mtu anaweza kuona mguu wangu unavyotikisika. Shangazi alisubiri kama mtu aliyekwisha kufika. Boti ilikuwa nyuma yake na safari ya kurudi ilikuwa mbele, lakini hakuwa na kimojawapo usoni. Alimtazama mdogo wake, basi. Jogoo akawika nyumba ya pili. Nilifungua mdomo kumsaidia baba, kumwambia shangazi kwamba haongei siku hizi, na wakati huo huo midomo ya baba ikaanza kutafuta umbo.

"Mwakeye," alisema baba.

Shangazi hakushtuka wala hakushangilia. Alipiga makofi tena, akauliza kama kuna amani. "Amahoro?" Akasubiri. "Amahoro," akasema baba, safari hii mapema kidogo. Akamuuliza juu ya usingizi, juu ya nyumba, juu ya miti, kwa Kiha ambacho nilishangaa kwamba nakielewa, na baada ya kila swali baba aliweka neno lake mahali pake, amahoro, amahoro, sauti ikipanda na kushuka vilevile kama zamani. Mtu ambaye hakuweza kuniambia kijiko ni kijiko. Nilisimama pale na kitambaa cha kufutia meza mkononi, nikaona kama baba ametokea mlangoni mwa chumba nilichodhani kimefungwa na ufunguo umepotea.

Halafu nikafanya ninachofanya siku zote. Nilipiga kelele, "Baba!" nikakimbia ndani kuchukua simu, nikarudi nikapita katikati yao, nikamwekea simu mbele ya uso. "Sema tena, baba! Niite. Sema mama. Ma-ma."

Aliitazama simu. Uso ukajifunga.

"Bado," alisema.

Shangazi alikuwa bado chini, viganja vimekutana, kama nilivyomwacha. Kwa Waha salamu haikatwi. Ukiikata ni sawa na kumpokonya mtu sahani kabla hajanawa mikono. Nilijua hilo, ndiyo maana ninalisema kwa aibu. Nilitegemea anifokee. Aliniambia tu, kwa upole unaouma kuliko kufokewa, "Mwanangu, umepita katikati yetu. Kaa chini." Nikakaa. Kisha, na magoti yale, akaanza upya kutoka mwanzo kabisa, makofi, kimya, mwakeye, na baba akarudi naye hatua kwa hatua. Sikurekodi. Nililia, nikifurahi na kuona wivu kwa pamoja, maana maneno yalikuwepo na hayakuwa yangu.

Alasiri tulikaa uani tukichambua dagaa. Nilimwomba anifundishe ile salamu, nikamwambia nataka niifanye kila asubuhi mpaka baba afike kwenye neno langu. Shangazi akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Mpaka afike wapi? Salamu haiendi popote, mwanangu. Unasalimia, umemaliza."

"Lakini inamponya."

"Sijui kama inamponya. Mimi nilikuwa namsalimu."

Akanifundisha hata hivyo. Makofi yenyewe si kazi. Kazi ilikuwa zile habari. Kwao, akishakuuliza mtu amahoro, unamjibu vitu vyako vimeamkaje, na kwa watu wa ufukweni cha kwanza ni ziwa. Shangazi alikuwa na sharti moja tu: usiseme ziwa ni salama kama hujaliona asubuhi hiyo. "Ukimwambia la jana," alisema, akitupa kando dagaa aliyeoza, "unampa mtu kilichovunda." Akakaa nasi siku kadhaa, kisha akarudi kwake na ndoo tupu.

Nikabaki na salamu yangu ya kujifunza. Asubuhi ya kwanza nilipiga makofi, nikasema mwakeye, nikajilazimisha kusubiri, mguu nimeukandamiza kwa kiwiko. Alijibu! Nikajikaza nisiruke. "Amahoro?" aliuliza, kwa sababu zamu ilikuwa yake. Nami nikajibu haraka haraka, "Amahoro, baba, ziwa salama," nikiwa nimejaa tamaa ya kufika mwisho, ambapo nilidhani neno langu linanisubiri. Baba hakuendelea. Alinitazama. Ule ulikuwa mtazamo wake wa zamani kabisa, wa sahani iliyoletwa kwa mkono wa kushoto.

Sikuwa nimeliona ziwa. Nilikuwa nimelala mita chache kutoka kwenye barabara inayoteremka ufukweni, wiki baada ya wiki, na sikuwa nimelitazama hata mara moja zaidi ya kuona kwamba lipo.

Kesho yake nikateremka. Ufukwe wa Ujiji si ule wa utoto wangu. Ziwa lilipopanda miaka hii ya karibuni lilikula kando nzima, na kuna mnazi uliokuwa nyuma ya vibanda ambao sasa umesimama majini. Wanawake walikuwa wanamwaga dagaa na kuwasambaza kwa mikono. Nilisimama kama mjinga. Nililazimika kujiuliza: sasa nitamwambia nini? Nikatazama. Karibu na nchi kavu maji yalikuwa meupe, unaona kila kokoto. Mbele kidogo yalikuwa kijani. Mbele zaidi kulikuwa na mstari mweusi, ambapo upepo ulianzia, na nyuma ya mstari huo ukungu tu. Nikayarudia kichwani njiani nisiyasahau, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Nilipomwambia baba hivyo, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ego." Ndiyo.

Neno jipya. Hakulipata kwenye vijiko vyangu.

Nikakomaa na utaratibu huo, asubuhi na jioni. Meza ya vitu niliiondoa, nikakirudisha kijiko jikoni kilikostahili. Na kwa kuwa nina roho ya ukorofi, asubuhi moja nilimjaribu. Nilimwambia boti zote zimeshaingia, ingawa nilikuwa nimeondoka ufukweni mapema na kwa kweli sikujua. Baba aliinamisha kichwa upande wa ziwa. Nami nikasikia, mbali sana, mlio mdogo wa injini ya boti moja inayokuja.

"Bado," alisema baba.

Nilicheka kwa sauti hadi jirani akauliza kuna nini. Moyoni lakini niliogopa, ule woga mzuri unaokupata ukiwa mbele ya kitu kikubwa. Nilidhani nimekuja kumwamsha mzee aliyelala. Kumbe alikuwa amekaa barazani siku zote, macho, akisikia boti ya mwisho inarudi, na mtu aliyekuwa hayupo pale nyumbani ni mimi.

Sitaki kudanganya kwamba baada ya hapo nikawa mtu mwingine. Bado nilikuwa namaliza kila salamu na masikio yamesimama, nikingoja "mama". Nilikuwa nafanya kila kitu sawa huku jicho moja likichungulia malipo. Nadhani alijua. Alijibu mwakeye yake, amahoro yake, ego yake nilipomwambia kweli, na baada ya hapo alikunja mdomo, na mkono wake mzima ulikaa chini ya shuka, hata kwangu, mtoto wake niliyekuwa namlisha na kumwogesha. Mimi mwenyewe nilikuwa mgeni wa kubisha hodi.

Halafu mvua ya kwanza ikanyesha. Ilipiga mabati usiku kucha, na asubuhi hewa ilikuwa imeoshwa. Niliteremka ufukweni kama kawaida, nikakunja kona ya mwisho, nikasimama.

Kongo ilikuwepo.

Haikuwa kivuli. Milima yote ilikuwa imesimama pale, kutoka kaskazini hadi kusini, ya bluu iliyokolea, karibu kiasi kwamba niliona makorongo yanavyoteremka na ukingo mmoja unavyopita mbele ya mwingine. Kwenye korongo moja palikuwa na moshi mwembamba umenyooka juu. Mtu fulani kule anapika uji, nilifikiri, ng'ambo ya maji yote yale, na moshi wake ninauona mimi. Ziwa lilikuwa kimya, zito, limejaa hadi pembeni. Wanawake wa dagaa walikuwa wameacha kazi. Mmoja aliyekuwa karibu nami, mikono imejaa magamba, alisema tu, "Ee Mola." Milima ile haikuwa imeenda popote kiangazi chote. Nililijua hilo tangu shule, lakini kulijua ni jambo dogo sana. Nilihisi machozi yanakuja na nikayaacha. Sikumbuki nilisimama muda gani. Najua kwamba simu ilikuwa mfukoni na sikuigusa.

Nilirudi karibu nikikimbia. Nilijishusha mbele ya baba matope miguuni, nikapiga makofi, nikasema mwakeye, akajibu, akauliza amahoro, nami nikaanza kumwambia. Nilichanganya Kiswahili na Kiha changu kibovu. Nilimwambia baba, milima imeonekana, yote, hadi mikunjo; nilimwambia kuhusu moshi wa mtu anayepika, nilimwambia maji yamejaa na hayatikisiki, nilimwambia yule mama alivyosema Ee Mola. Nilinyoosha mikono kumwonyesha upana. Nilipomaliza nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeishiwa. Sikungoja kitu. Nililigundua hilo baadaye. Wakati ule nilikuwa nimekaa tu kwenye sakafu ya baraza, nikihema, naye amekaa kwenye kiti chake, na kote mtaani mifereji ya mabati ilikuwa bado inadondosha maji.

Shuka likatikisika. Mkono wa kushoto ukatoka.

Aliutazama kwanza yeye mwenyewe, kwa mashaka. Ulikuwa umechakaa kiganjani, na kovu la kamba lile ninalolijua tangu utotoni. Akauinua mbele yangu, kiganja kimefunguka, vidole vimekunjwa kidogo, ukakaa hapo hewani. Ulikuwa nusu ya kofi. Nilielewa. Nikainua mkono wangu wa kulia nikauleta kwenye wake, taratibu. Ukalia kofi dogo, la chini, zuri. Tukarudia. Mwakeye, alisema baba, na safari hii ndiye aliyeanza, mzazi akimwanza mtoto, jambo ambalo halifanywi, nami nikaitikia, nikiwa nimeinamisha kichwa.

Hakuniita mama. Hadi naandika haya hajaniita, na nimeacha kukaa mlangoni kulisubiri neno hilo. Likizo ilipoisha niliomba ruhusa nyingine, kisha nikaomba kazi hapa Kigoma, nikapata ndogo kuliko ile. Watu wanadhani nimejitoa mhanga. Siwaelezi.

Lakini jioni ya siku ile ya mvua simu ililia kama kawaida, kundi la familia, kaka zangu wote wawili kwa pamoja: Amesema nini leo? Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima na baraza lote limekuwa jekundu. Nilifikiri nianzie wapi kuwaeleza, nikaandika neno moja, bado, nikaiweka simu kifudifudi sakafuni, maana wakati wa salamu ya jioni ulikuwa umefika na baba alikuwa ameshautoa mkono.